Kipokezi cha EGF Kichupani: Mwongozo Kamili wa Kukisoma, Kukiyeyusha na Kukipima

Mara ya kwanza niliponyanyua kichupa cha protini hii kuelekea kwenye taa, niliapa kwamba tumeletewa kitupu. Ndani hamkuwa na unga wala tone. Palikuwa na ukungu mwembamba tu ukutani, kama pumzi ya mtu kwenye kioo cha dirisha. Nilishaanza kuandika barua ya malalamiko pale mwenzangu mkongwe aliponiambia, "Mikrogramu mia moja huwezi kuziona, mdogo wangu. Kitie kwenye sentrifuji kwanza." Tukakitia, tukayeyusha, tukapima. Protini ilikuwemo yote.

Protini yenyewe ni EGFR ya binadamu, yaani kipokezi cha EGF, kile kichochezi cha ukuaji kilichomletea Stanley Cohen Tuzo ya Nobel mwaka 1986 pamoja na Rita Levi-Montalcini. Inauzwa ikiwa protini rikombinanti (iliyotengenezwa na seli zilizopewa jeni lake) kwa ajili ya utafiti wa maabara peke yake, si ya kumtibia mtu wala kumpimia mgonjwa. Majaribio mengi niliyoyaona yakiharibika juu yake hayakuharibiwa na protini mbovu. Yaliharibika kwa sababu aliyeshika pipeti hakujua ana kipande gani cha kipokezi, na mkia gani umening'inizwa nyuma yake. Kwa hiyo nitakaa zaidi hapo, na mambo mengine nitayapitia kwa haraka.

Ujue kwanza ulichonunua

EGFR kamili, kama inavyotungwa na seli, ina amino asidi 1210. Zile 24 za mwanzo ni kipande cha kuielekeza protini kwenye utando, na hukatwa mapema. Kinachobaki kina sehemu tatu: sehemu ya nje ya seli inayoshika EGF, kipande kifupi kinachotoboa utando, na sehemu ya ndani yenye kinasi, kimeng'enya kinachobandika fosfati kwenye tairosini.

Kichupa chako mara nyingi kina sehemu ya nje tu. Kwenye lebo utakuta imeandikwa Leu25-Ser645, ambazo ni amino asidi 621. Maana yake kwa vitendo ni hii: kama unataka kupima dawa kama gefitinib au erlotinib, protini hii haikufai, kwa kuwa dawa hizo hukaa kwenye kinasi, nayo kichupani haimo. Kama unapima EGF au kingamwili kama cetuximab, umefika panapostahili.

Namba nazo zina mtego wake. Wengine huhesabu kuanzia mwanzo wa mnyororo wote, wengine huanza baada ya zile 24 kukatwa. Badiliko maarufu la L858R limehesabiwa kwa njia ya kwanza. Ile fosfo-tairosini 1068 inayotajwa kwenye kingamwili nyingi za western blot (kipimo cha kutambua protini kwa kingamwili) imehesabiwa kwa njia ya pili, na kwa njia ya kwanza ni 1092. Wataalamu wale wale, protini ile ile, hesabu mbili, na wakati mwingine kwenye makala moja. Ukilinganisha mfuatano na usipolingana, jaribu kuongeza au kupunguza 24 kabla hujamlaumu mtu.

Hiyo sehemu ya nje imegawanyika katika vikoa vinne. Cha I na cha III ndivyo vinavyoibana EGF katikati yao. Cha II na cha IV vimejaa sisteini, na kikoa cha II kina mkono unaokishika kipokezi cha pili ili viwili viwe jozi. EGF isipokuwepo, kikoa cha II na cha IV hukumbatiana na kipokezi hukaa kimejifunga. Picha za fuwele zilizoonyesha EGF na ndugu yake TGF-alfa zikiwa zimeshikwa zilitoka mwaka 2002. Jambo hili la kujifunga litakurudia baadaye, tena kwa gharama, tutakapofika kwenye seli.

Angalia pia kama umenunua EGFR ya kawaida au EGFRvIII. Hiyo ya pili imepoteza amino asidi 267 za sehemu ya nje na ni maarufu kwa watu wa uvimbe wa ubongo. Majina yanafanana, na katika kuagiza kwa haraka mtu huchagua isiyo yake.

Mwisho kwenye lebo, tazama protini imetengenezwa katika seli gani. Sehemu ya nje ya EGFR imejaa vifungo vya disalfaidi (vinavyounganisha sisteini mbili) na imevishwa minyororo ya sukari mahali pengi. Bakteria wa E. coli hawaivishi sukari hiyo, na disalfaidi nyingi namna hii huwashinda. Protini huishia kuwa mabonge yasiyo na umbo. Ndiyo maana hutengenezwa katika seli za mamalia kama CHO, au HEK293, ukoo wa seli uliozaliwa Leiden mwaka 1973. Ukiona sehemu nzima ya nje ya EGFR iliyotoka kwenye E. coli, uliza maswali makali kabla ya kulipa.

Mkia

Kwa nyuma ya kipokezi mtengenezaji huunganisha kitu cha kukishikia wakati wa kukisafisha. Mikia miwili ndiyo utakayokutana nayo sana.

Wa kwanza ni mkia wa histidini, sita au kumi. Ni mdogo, na kipokezi hubaki kimoja kimoja. Wa pili ni Fc ya IgG1 ya binadamu, yaani mguu wa kingamwili, wenye uzito wa takriban 26 kDa (kilodaltoni, kipimo cha uzito wa molekuli). Fc mbili hushikana kwa disalfaidi, kwa hiyo kipokezi chenye mkia huu huja wawili wawili, wapende wasipende.

Sasa nisimulie kosa langu, maana hakuna mwalimu kama hilo. Niliweka EGFR-Fc chini ya sahani ya ELISA (kipimo ambacho rangi huonyesha kama kingamwili imeshika), nikaongeza cetuximab kwa mfululizo wa kuzimua, kisha nikatumia kingamwili ya pili inayotambua IgG ya binadamu, iliyobebeshwa HRP, kimeng'enya cha kutoa rangi. Nikamimina TMB, kemikali ambayo HRP huigeuza bluu. Ndani ya dakika moja sahani nzima ilikuwa bluu kama wino, vikiwemo visima ambavyo havikuonja cetuximab hata tone. Niliosha upya siku ya pili, nikaongeza BSA (albumini ya ng'ombe ya kuziba nafasi), nikabadilisha bafa (kiowevu kinachotunza pH). Bluu ile ile. Siku ya tatu ndipo nilipochora mchoro kwenye karatasi: kingamwili ya pili inatafuta IgG ya binadamu, na mimi nimeitandaza IgG ya binadamu chini ya kila kisima kwa mkono wangu mwenyewe. Cetuximab ilikuwa na kazi gani tena?

Tiba ziko tatu. Nunua kipokezi chenye mkia wa histidini. Au chagua kilichounganishwa na Fc ya panya. Au, kama kichupa kimeshafika na bajeti imekwisha, tumia kingamwili ya pili inayotambua mnyororo mwepesi wa kapa wa binadamu: cetuximab inao, mkia wa Fc hauna. Hiyo ya tatu ndiyo iliyoniokoa.

Usidhani basi kwamba Fc ni laana. Kwa jaribio la kuikamata EGF, kuwa wawili wawili ni faida, kwa sababu kinachoteleza upande mmoja hudakwa upande wa pili. Tatizo ni pale unapopima nguvu ya kushikana: namba utakayopata kwa Fc huonekana nzuri kuliko ukweli wa kipokezi kimoja, na ukiiandika bila kutaja mkia, umempotosha msomaji.

Cheti kabla ya kifuniko

Kila bechi ina cheti chake cha uchambuzi. Kitafute kwa namba ya bechi iliyoko kichupani, si kwa jina la bidhaa, maana bafa na ukolezo vinaweza kubadilika kati ya bechi na bechi. Mambo ya kusoma ni haya.

Je, kuna BSA ndani? Wengine huiweka kama protini mlinzi, ili kipokezi kisigandamane na kuta za kichupa. Kwa kazi za seli ni sawa. Kwa kutandaza kwenye sahani, kubandika biotini au kufunga kwenye chipu, ni maafa: BSA huwa nyingi mara nyingi kuliko kipokezi, nayo ndiyo itakayoshika nafasi. Kwa kazi hizo agiza isiyo na mlinzi.

Je, kuna azide ya sodiamu? Azide huizima HRP. Kiasi kidogo kilichozimuliwa na kuoshwa hakina neno, lakini usiiweke kwenye bafa ya hatua ya mwisho. Na seli hai usizipe kabisa.

Endotoksini imepimwaje? Ni mabaki ya kuta za bakteria, na protini iliyotoka kwenye seli za mamalia inaweza kuwa nayo pia, kupitia maji na vyombo. Kwa sahani ya ELISA haidhuru. Kwa seli za kinga itakupa majibu ambayo utadhani ni ya kipokezi. Wengi huandika chini ya uniti 1 kwa mikrogramu. Kama una makrofaji kwenye jaribio lako, tafuta iliyo chini zaidi ya hapo.

Utendaji umethibitishwaje? Baadhi ya watengenezaji huonyesha kwamba kipokezi kinazuia EGF kukuza seli, wengine huonyesha tu kwamba EGF au kingamwili inashika. "Usafi zaidi ya asilimia 95" ni maneno ya jeli (inayotenganisha protini kwa ukubwa kwa kutumia umeme), hayasemi chochote kuhusu umbo. Protini iliyokunjamana vibaya nayo hutoa mstari mmoja safi.

Kufungua, kuyeyusha, kugawa

Saa hii moja ndiyo ya thamani kuliko zote, kwa hiyo nenda polepole.

1. Toa kichupa kwenye friza, kiache kwenye joto la chumba kikiwa kimefungwa, dakika 20 hadi 30. Ukikifungua kingali baridi, unyevu wa hewa hutua ndani na kuulowesha unga ambao bado hujaamua kuuyeyusha.

2. Kizungushe kwenye sentrifuji kwa sekunde 30 hivi. Unga huu ni mwepesi na hupenda kujificha chini ya kifuniko.

3. Ongeza kiowevu kilichotajwa kwenye cheti, PBS safi (bafa ya chumvi na fosfati) au maji yasiyo na vijidudu. Fuata cheti, usifuate mazoea: kama unga ulikaushwa ukiwa na chumvi za PBS na wewe ukaongeza PBS, umezidisha chumvi maradufu. Kama ulikaushwa kutoka kwenye maji yenye trehalosi tu nawe ukaongeza maji, huna bafa. Kwa mikrogramu 100 mimi huweka mikrolita 500, ili nipate mikrogramu 200 kwa mililita. Usishuke chini ya mikrogramu 100 kwa mililita kwenye akiba, kwa kuwa protini iliyozimuliwa sana huishia ukutani mwa kichupa.

4. Miminia kando ya ukuta, ukizungusha kichupa ili kiowevu kipite kila mahali pale ukungu ulipo. Kiache dakika 15 hadi 30. Tikisa kwa mkono, taratibu, kama anayekoroga chai asitake kumwamsha mtoto. Usitumie votexi, na usivute na kusukuma kwa pipeti mpaka povu litokee. Kwenye uso wa povu protini hufunguka, na iliyofunguka hairudi.

5. Gawa mara moja kwenye vichupa vidogo vya plastiki isiyoshika protini. Andika jina, mkia, ukolezo, namba ya bechi na tarehe. Kalamu ya kawaida hufutika kwa alkoholi. Tumia lebo za friza.

Ukubwa wa fungu usiamuliwe kwa macho. Anza na jaribio lenyewe. Sahani ya visima 96, mikrolita 100 kila kisima, inakula mililita 9.6, tuseme 10. Ukitandaza kwa mikrogramu 1 kwa mililita unahitaji mikrogramu 10, yaani mikrolita 50 za akiba ya 200. Basi gawa mafungu ya mikrolita 50. Fungu moja, sahani moja, hakuna mabaki ya kurudisha kwenye friza na hakuna kishawishi. Kichupa kimoja kitakupa sahani kumi kasoro kidogo, maana pipeti nayo hubaki na chake.

Hifadhi kwa nyuzi 80 chini ya sifuri kama una friza hiyo, au 20 chini ya sifuri kwa muda ambao cheti kinaruhusu. Epuka friza zinazojiyeyushia barafu zenyewe: hupasha joto kila baada ya muda ili barafu isijikusanye, na kila mara protini yako huyeyuka kidogo na kuganda tena. Fungu likishayeyuka, liweke kwenye friji na ulitumie ndani ya siku chache. Usiligandishe tena.

Hesabu inayowapiga watu chenga

Unataka nanomola, una mikrogramu. Uzito gani utumie? Kwenye jeli, sehemu ya nje ya EGFR yenye mkia wa histidini huonekana kati ya 90 na 110 kDa. Kwa mfuatano wa amino asidi ni takriban 69 kDa. Tofauti hiyo ni sukari, na sukari huchelewesha mwendo kwenye jeli kuliko uzito wake halisi unavyostahili.

Tumia 69. Mikrogramu zilizoandikwa kwenye cheti kwa kawaida ni za protini, si za sukari, hasa zikiwa zimepimwa kwa mwanga wa nanomita 280, ambao sukari haiunyonyi. Kwa hiyo akiba ya mikrogramu 200 kwa mililita ni takriban mikromola 2.9. Ukigawa kwa 110 utapata 1.8, na umejipunja zaidi ya theluthi moja kabla hujaanza.

Kwa chenye Fc, mnyororo mmoja ni takriban 95 kDa na jozi ni takriban 190. Kila unapoandika nanomola, sema ni za mnyororo au za jozi. Ni maneno mawili tu, na yanazuia ugomvi mkubwa kwenye kikao cha maabara.

Jeli ya kwanza

Fungu moja litoe kafara. Weka mikrogramu 1 hadi 2 kwenye kila njia ya jeli, nusu ukiipasha nyuzi 95 kwa dakika 5 pamoja na DTT, nusu bila DTT. Usiziweke sampuli hizo mbili bega kwa bega: DTT huvuja kupitia jeli na kuvunja disalfaidi za jirani, nawe utaona jozi iliyovunjika nusu na kuanza kufikiri mambo marefu. Acha angalau njia mbili tupu katikati.

Chenye histidini kitaonekana kwenye 90 hadi 110, mstari mpana kidogo, wenye kingo za ukungu. Upana huo ni sukari, usiogope. Ukitaka uhakika, kata sukari kwa kimeng'enya cha PNGase F na mstari utashuka na kukaza. Chenye Fc kitaonekana takriban 120 hadi 140 kikiwa na DTT, na kitaruka juu ya 220 bila DTT. Kama hakiruki, Fc hazijashikana na bidhaa ina mushkeli. Mstari mdogo kwenye 26 hadi 30 ukiwepo, ni Fc iliyokatika, kidogo kinavumilika. Vitu vilivyoganda juu kabisa, kwenye mdomo wa jeli, ni mabonge, na hayo siyavumilii.

Kupima kama kinashika

ELISA rahisi inatosha kukuambia kama kipokezi chako kina umbo. Nitaeleza kwa chenye mkia wa histidini.

Tandaza mikrogramu 1 kwa mililita katika PBS, mikrolita 100 kila kisima, usiku kucha kwenye nyuzi 4. Baadhi hutumia bafa ya kabonati ya pH 9.6, inashikisha vizuri, ila mimi kwa protini zenye umbo tete huanza na PBS na kuhama tu ikinishinda. Funika sahani vizuri. Visima vya pembeni hukauka kwanza na kukupa namba za kipekee ambazo hazina maana yoyote.

Asubuhi osha mara tatu kwa PBS yenye Tween 20 ya asilimia 0.05. Ziba nafasi zilizobaki kwa BSA ya asilimia 1 hadi 3, saa moja. Osha. Weka cetuximab kuanzia nanogramu 1000 kwa mililita, ukizimua mara tatu kila hatua: 1000, 333, 111, 37, 12.3, 4.1, 1.4, 0.46. Badilisha ncha ya pipeti kila hatua. Ukitumia ncha moja kutoka juu kwenda chini, mkia wa mchoro wako utaelea na utadhani kingamwili ni kali kuliko ilivyo. Saa moja kwenye joto la chumba, osha, kingamwili ya pili yenye HRP, saa moja tena, osha mara tano. TMB dakika 5 hadi 15, ukisimama hapo hapo unaangalia. Zima kwa asidi ya salfa. Bluu hugeuka njano. Soma nanomita 450 na utoe kile kinachosomwa karibu na 570.

Vidhibiti ndivyo vinavyokufanya ulale. Visima visivyo na kipokezi lakini vina kila kitu kingine. Visima visivyo na cetuximab, ambavyo kwangu mimi vingeokoa siku tatu kama ningevitazama kwa akili badala ya hasira. Na visima vyenye kingamwili isiyohusika: trastuzumab inafaa sana hapa, kwa kuwa nayo ni IgG1 yenye mnyororo wa kapa, karibu pacha wa cetuximab kwa mwili, ila inatafuta HER2, kipokezi ndugu cha EGFR. Ikishika sahani yako, basi unachopima si EGFR.

Unachotaka kuona ni mteremko wenye umbo la herufi S, wenye tambarare juu na chini. Ukikosa tambarare ya chini, endelea kuzimua. Ukikosa mwinuko kabisa huku jeli ni safi, shuku kutandaza: kujibandika kwenye plastiki kunaweza kulibonyeza umbo, au kuuelekeza chini upande ule ule ambao kingamwili inautafuta, nayo cetuximab hukaa kwenye kikoa cha III. Jaribu basi kukikamata kipokezi kwa mkia wake, kwenye sahani yenye nikeli au yenye kingamwili ya histidini. Kwa Fc unaweza kukikamata kwa protini A, ila kumbuka kuziba nafasi zilizobaki kwa Fc tupu ya binadamu kabla ya kuleta cetuximab, la sivyo protini A itaidaka nayo. Usizibe kwa IgG nzima, maana kingamwili ya pili ya kapa itaiona.

Kwenye seli, hapa ndipo kichupa huisha

Wengi hununua kipokezi hiki wakitaka kiwe chambo: kielee kwenye kimiminiko, kiidake EGF kabla haijafika kwenye seli. Wazo ni zuri. Hesabu ndiyo kali.

Sema unachochea seli za A431, ambazo kila moja ina EGFR zaidi ya milioni moja usoni, kwa EGF ya nanogramu 10 kwa mililita. EGF ina amino asidi 53 na uzito wa karibu 6.2 kDa, kwa hiyo hiyo ni takriban nanomola 1.6. Kidogo sana. Unadhani kipokezi cha nanomola 5 kitaimaliza. Hakitaimaliza. Sehemu nzima ya nje, ikielea peke yake, huishika EGF kwa ulegevu, nanomola mia moja hadi mia tano, kwa sababu ya lile kumbatio la kikoa cha II na cha IV. Kipande chenye amino asidi 501 za mwanzo tu, kisicho na sehemu kubwa ya kikoa cha IV, hushika kwa makumi tu ya nanomola. Utando wa seli nao huongeza ukali ambao kichupani haupo.

Basi tuseme Kd yako (ukolezo ambao nusu ya EGF huwa imeshikwa) ni nanomola 200. Ukiweka kipokezi nanomola 200, mara 125 ya EGF, nusu ya EGF bado iko huru na inachochea. Na nanomola 200 ni mikrogramu 13.8 kwa mililita. Sahani ya visima 24, nusu mililita kila kisima, ni karibu mikrogramu 7 kwa kisima. Visima 14 na kichupa cha mikrogramu 100 kimeisha. Kwa hiyo fanya hivi: punguza ujazo, tumia sahani ya visima 96 na mikrolita 50, shusha EGF mpaka kiwango cha chini kabisa ambacho bado kinatoa ishara, chagua chenye Fc, hapa ndipo mahali pake, na changanya kipokezi na EGF dakika 30 kabla ya kuzimwagia seli.

Seli ziwe zimekaa bila seramu usiku kucha. Uchochezi dakika 5 hadi 10 unatosha kwa kupima fosfo-tairosini 1068. Na usipime A431 kwa kuhesabu ukuaji ukitarajia EGF nyingi izikuze: seli hizi hufanya kinyume, EGF ikizidi huzizuia kukua. Nimewaona watu wakiita hilo kosa la protini.

Kidhibiti cha lazima ni Fc tupu ya binadamu kwa nanomola zile zile. Bila hiyo hujui kama kilichozuia ni kipokezi au mzigo wa protini tu.

Mengine kwa ufupi

Kubandika biotini (kishikizo kidogo) kwa NHS (kemikali inayojifunga kwenye amini): ondoa Tris na glisini kwanza, kwani amini zao huila biotini kabla haijafika kwenye kipokezi. Badilisha bafa iwe PBS. Biotini moja au mbili kwa molekuli zinatosha. Zikizidi, unapafunika pale pale EGF inapotaka kukaa.

Kwenye chipu ya SPR (kifaa kinachopima kushikana kwa kutumia mwanga), kamata kwa mkia kuliko kufunga kwa amini, na jaribu bafa ya kusafishia kwenye njia moja kabla ya kuitumia kote. Asidi kali inayoondoa kingamwili inaweza kukichosha kipokezi mzunguko baada ya mzunguko, na utaona ishara ya juu kabisa ikishuka taratibu kila unaporudia ukolezo ule ule. Kwa hiyo weka ukolezo mmoja ujirudie mwanzoni, katikati na mwishoni.

Bechi mpya ikifika, usiitupe ya zamani mpaka zote mbili zimekaa kwenye sahani moja, siku moja, mteremko kwa mteremko. Weka mafungu mawili ya kila bechi nzuri kwenye kona ya friza kwa kazi hiyo tu, na uandike juu yake kwa herufi kubwa: USIGUSE.